Kinyozi na Kiti cha Pili

Kinyozi mmoja alikuwa na kiti kimoja na mdogo wake mmoja. Kinyozi aliitwa Eliakimu, mdogo wake Zefania, na wote wawili walinyoa. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, waligawana siku. Eliakimu, aliyekuwa mkubwa na ndiye aliyefungua banda, alichukua asubuhi, watu wa ofisini wanapopita. Zefania alichukua mchana hadi kufunga. Mteja wa Zefania akifika asubuhi alinyolewa na Eliakimu, au aliondoka. Wengi waliondoka.

Eliakimu alikuwa fundi kweli. Alinyoa taratibu, ameinama, haongei. Kazi ikimridhisha aliinua mashine, akapuliza meno yake, kisha akapuliza shingo ya mteja, mara moja tu. Wateja waliizoea pumzi hiyo. Ikiwagusa shingoni waliinuka kitini kabla hajasema neno. Kazi isipomridhisha hakupuliza, aliinama tena. Zefania yeye alitumia brashi.

Ndugu hao waliweka akiba ya kununua kiti cha pili. Kopo la akiba lilikaa kwa Eliakimu, na Zefania hakuwahi kuomba kulifungua. Lakini binamu yao aliyekuwa na saluni Babati alimpigia Zefania simu, akamwambia kiti kimoja pale kinakaa bure na anatafuta mtu. Zefania hakumficha kaka yake. Alimwambia waziwazi, akiwa ameshika ufagio: "Tukipata kiti cha pili, mimi nabaki hapa na wewe. Tusipopata nitakwenda, kaka. Siwezi kuoa kwa mapato ya mchana." Eliakimu alikubali kwamba hilo ni neno la haki. Wakaenda pamoja kwa muuza fanicha, wakachagua kiti, na muuzaji akaahidi kutokiuza mpaka Jumamosi jioni. Mtu mwingine alikuwa anakitaka.

Sasa, Jumapili wanaume wa mtaa ule walikuwa na mchezo wao nyuma ya banda. Walicheza poka. Aliyeileta alikuwa mtu aliyewahi kuhudumu katika hoteli ya watalii, akajifunza kwa kuchungulia. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo ni yeye tu anayeziona. Nyingine hufunuliwa mezani, za watu wote. Kila mmoja huunganisha zake na zile za mezani, na mwenye muungano mzuri huchukua dau. Anayeona zake hazifai anaruhusiwa kuzitupa na kukaa pembeni, ili asiendelee kuongeza dau.

Ndivyo sheria isemavyo. Lakini nyuma ya banda hakuna aliyetupa. Walicheza kwa vizibo vya soda, na mtu akitupa karata zake aliambiwa anaringa, kama mtu anayeinuka kwenye sinia wenzake wakiwa bado wanakula. Kwa hiyo wote walibaki mpaka karata ya mwisho, wenye nzuri na wenye mbovu, wakafunua pamoja, wakachekana. Eliakimu alikuwa na subira na kumbukumbu nzuri. Alipopata karata nzuri, alizoa vizibo vya wote. Watu wakasema ana kipaji.

"Unatuonea bure sisi wa vizibo," Sanga, fundi viatu, alimwambia Eliakimu Jumapili moja. "Kama wewe ni dume, panda kule kasino ukawaonee wenye hela."

Wote wakacheka. Eliakimu naye akacheka. Lakini neno lile alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo.

Jumamosi ilipofika alinyoa mpaka saa sita, akamwachia Zefania kiti, akachukua akiba yote, akaondoka kwenda kwa muuza fanicha. Kiti chao kilikuwa pale, kimeegemezwa ukutani. Kando yake kulikuwa na kingine, cha ngozi, chenye pedali ya kukipandisha, kinachozunguka bila mlio. Eliakimu alikizungusha kwa mkono. Akakizungusha tena. Fedha yake ilitosha kile cha kwanza, haikutosha hiki. Alijiambia kwamba Zefania angestahili kupata kizuri. Huenda ni kweli alimfikiria Zefania. Kasino ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofani, na ilikuwa mchana, na mtu akipanda ngazi mchana haonekani kama mtu anayekwenda kufanya vibaya.

Ndani kulikuwa na baridi na hakukuwa na madirisha. Alibadilisha sehemu ya akiba akapewa sarafu za plastiki, nyepesi mno, akaelekezwa kwenye meza. Mgawaji wa karata alikuwa dada mwenye kizibao cheusi. Wachezaji walikuwa wachache. Mmoja alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mfanyabiashara wa mbao, ambaye wote pale walimwita Mama Felista. Mwingine alikuwa dereva mstaafu wa malori, Komba, mtu wa maneno mengi.

"Karibu, fundi," Komba alisema. Alikuwa ameziona nywele kwenye ukosi wa shati la Eliakimu. "Kaa hapo. Aliyekalia hapo asubuhi alikuja na gari, ameondoka kwa miguu."

"Mwache mwenzio apumue," Mama Felista alisema, bila kuinua macho.

Eliakimu alikaa. Hakuwa na haraka. Alitupa karata mbovu za mwanzo, kama alivyoona wenzake wakifanya, na akashangaa kidogo kwamba hakuna aliyemwambia anaringa. Kisha akapata karata nzuri. Akaweka dau. Komba akatupa. Mama Felista akatupa. Waliobaki wakatupa. Eliakimu akavuta kilichokuwa mezani, kidogo sana, hakikujaza kiganja.

Alidhani wamenusurika kwa bahati tu. Akangoja. Karata nzuri ikaja tena, na tena wakatupa wote. Safari hiyo Komba alitupa zake haraka, akanyoosha mikono juu kama mtu anayetoka kusalimisha silaha, na jirani yake akacheka puani. Eliakimu hakuelewa wanacheka nini. Kule nyuma ya banda karata kama zile zingempa vizibo vya mtaa mzima.

Akajaribu kinyume chake. Alikuwa amesikia kwamba mchezaji mzuri anaweza kuchukua dau akiwa na karata mbovu, mradi uso wake usimsaliti. Alipopata karata mbovu akapandisha dau, akakaza uso kama ukuta. Mama Felista alimtazama kwa muda, ametulia, mkono juu ya sarafu zake. Alikuwa kama mtu anayesubiri kitu. Kisha akaweka dau sawa na lake, karata zikafunuliwa, na sarafu za Eliakimu zikavuka meza.

Hapo ndipo alipoanza kutaka kujua.

Ni vizuri kulieleza jambo hili kwa usahihi, kwa sababu baadaye watu walisema kinyozi aliponzwa na tamaa. Tamaa ndiyo iliyompandisha ngazi. Kilichomzuia kushuka kilikuwa kingine. Bado alikuwa na sehemu kubwa ya akiba mfukoni. Kama angeinuka pale, na kukopa kidogo kwa Sanga, kiti cha ukutani kingenunuliwa jioni ileile. Lakini watu hawa walikuwa wanayaona mawazo yake, na yeye alitaka kujua wanayaonaje.

Akaanza na karata zenyewe. Alizigeuza, akapitisha ukucha kwenye kingo zake kama anavyopima makali ya wembe. Hazikuwa na alama. Akamchunguza mgawaji. Dada yule alikuwa anapiga miayo kwa midomo iliyofungwa, na hakumtazama mtu. Akafikiri juu ya miwani ya Mama Felista, kwamba labda inaona kilicho upande wa pili wa karata, na akajionea aibu kwa wazo hilo, lakini akahama kiti ili mwanga wa taa usipite mgongoni kwake. Alipohamia kiti kipya akafunika karata zake kwa kiganja, akainua kona tu.

"Fundi anatafuta majini," Komba alisema.

"Hapa hakuna majini, baba," mgawaji alisema. "Kuna feni tu."

Walicheka, na Eliakimu akatabasamu nao, kwa adabu. Akaenda kubadilisha fedha iliyobaki. Yule wa dirishani alimwuliza kama anabadilisha yote. Akasema yote.

Ikumbukwe pia kwamba karata zilimpenda siku ile. Hilo Komba alilikiri baadaye kwa kila aliyemsimulia. Alipewa wafalme wawili mkononi, na mfalme wa tatu akafunuliwa mezani. Mtu anaweza kucheza mwaka mzima asishike karata za namna hiyo akiwa na watu wenye fedha mbele yake. Eliakimu alihisi joto shingoni. Akaweka dau dogo, ili asiwatishe. Alikaza uso. Alifunika karata kwa kiganja. Mama Felista akavua miwani, akaifuta, akazisukuma karata zake kwa mgawaji. "Mimi hapana," akasema. Komba akasema yeye ana watoto wa kulisha, akatupa zake. Meza yote ikawa tupu kama uwanja mvua ikinyesha, na wafalme watatu walimletea Eliakimu sarafu mbili.

Baada ya hapo alijua kwamba hakuna kitakachomsaidia isipokuwa kuwadanganya mara moja kwa nguvu. Alisubiri. Akapata karata mbovu kabisa, mbili zisizojuana. Akasukuma kila alichokuwa nacho katikati ya meza. Hakupepesa macho. Hakumeza mate. Zile zilikuwa sarafu zake zote, na ndani yake kilikuwemo kiti, na kwenye kiti alikaa Zefania.

Komba akatupa. Mama Felista hakutupa. Aliegemea nyuma akamtazama kinyozi, na tena akawa kama mtu anayesubiri. Walikaa hivyo. Feni ilizunguka. Alichokuwa anasubiri hakikuja, na alipoona hakiji akasukuma sarafu zake mbele, bila haraka, akafunua karata ambazo hazikuwa nzuri hata kidogo. Zilitosha.

Eliakimu hakuinuka. Mgawaji alimwambia kwa upole kwamba kama hana sarafu kiti kinahitajika. Yeye alimgeukia yule mama.

"Mama, nimeshaliwa. Sina hata nauli. Niambie tu, mlijuaje?"

"Mama, usimwambie!" Komba alisema. "Unatufungia duka!"

Mama Felista alipanga sarafu zake kwa rangi mpaka akamaliza. Kisha akasema: "Mwanangu, ukipata karata nzuri unazipuliza."

Komba akaigiza: akainua karata mbili za kubuni mpaka usawa wa mdomo, akapuliza kingo zake, fuu, mara moja. Meza nzima ikacheka, hata dada wa kizibao. Ilikuwa pumzi ileile ya mwisho wa kazi. Kwa miaka yote ile kila kitu kilipomwendea vizuri mkononi alikipuliza, na watu wakajua kwamba wanaweza kuinuka. Wateja walikuwa wameinuka kitini. Hawa waliinuka kwenye karata. Na alipokuwa na karata mbovu, mkono wake haukupanda mdomoni, kwa sababu mikono ya fundi haisifii kazi mbovu.

Eliakimu alimshukuru mama yule. Alimshukuru kwa dhati, kwa maana alikuwa ametaka sana kujua. Alipofika katikati ya ngazi ndipo alipokumbuka bei aliyoilipa.

Alirudi kwa miguu. Zefania alikuwa ameshahamisha benchi la wateja, ameliweka nje, na mahali lilipokuwa alikuwa amefagia na kumwagia maji. Kulikuwa na mteja mmoja kitini. Zefania akamaliza, akapitisha brashi, akapokea pesa, mteja akatoka.

"Kiti kinakuja kwa mkokoteni, kaka, au tukakibebe wenyewe?"

Eliakimu akamwambia. Hakuficha kitu. Alisema amekuwa na siku ya mkosi, kisha akajisahihisha mwenyewe, akasema hapana, karata nzuri zilikuja nyingi. Zefania alisikiliza akiwa amesimama mahali palepale alipopafagia.

"Eti nazipuliza," Eliakimu alisema. Alilisema kama kitu cha ajabu alichokiokota njiani.

Zefania hakuonekana kushangaa. "Unazipuliza, kaka. Jumapili nikiwa nanyoa humu ndani, nakusikia kule nyuma. Najua umeshika nzuri."

"Na Sanga anajua?"

"Sanga, nani, mtaa mzima. Watoto wa Mama Neema hapo jirani wanakuigiza wakigawana karanga."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikuambie mimi?" Zefania alisema. Hakupandisha sauti. "Mwaka juzi nilikuambia kisogo cha Mwalimu Kileo kimekwenda upande. Nilikunong'oneza tu, hata yeye hakusikia. Ulininyima salamu mpaka mwezi ukaisha, na kisogo kikabaki hivyohivyo. Tangu siku ile, kaka, mimi nanyoa vichwa vyangu, na wewe wako."

Eliakimu alirudi nyuma kwa kumbukumbu. Akatafuta mtu mwingine ambaye, tangu alipofungua banda, aliwahi kumwambia jambo lolote kumhusu yeye mwenyewe. Alimpata mmoja tu, na huyo alikuwa amemwacha ghorofani, anapanga sarafu kwa rangi.

Siku ya Jumatatu, asubuhi, Zefania alifunga mashine yake katika taulo na brashi yake katika gazeti. Hakuwa na hasira. Alikuwa amesema neno lake mapema, na sasa alikuwa analifuata. Aliaga. Kisha akakaa kidogo mlangoni, mkoba begani, uso umeelekea ndani, kama mtu ambaye ana muda. Eliakimu alikuwa na mteja kitini. Alikuwa na maneno mawili ya kumwambia mdogo wake. La kwanza lilikuwa ombi na la pili lilikuwa swali, na hakuwa amezoea kumpa mdogo wake lolote kati ya hayo.

"Wasalimie Babati," alisema.

Kiti cha ukutani kilinunuliwa na yule mtu mwingine. Mtaani watu waliligawana jambo hili kila mmoja kwa upande wake. Wapo waliosema Mama Felista ndiye aliyemla kinyozi. Wapo waliomlaumu Sanga kwa mdomo wake, na wapo waliosema Zefania alikosa kwa kunyamaza. Lakini mgeni alisema mara tu alipoulizwa, na ndugu alisimama mlangoni, mkoba begani, bila kuulizwa. Haya, semeni ninyi: Zefania alipandishwa basi la Babati na nani?